Ukikwama, Bipu

14

TANGAZO
Kwa: Wanachama, Kikundi cha Kujitolea cha Programu ya Onja
YAH: KUFUNGWA KWA KIKUNDI

Mnataarifiwa kuwa kikundi hakijaonyesha dalili ya uhai kwa miezi thelathini na moja. Asipotokea mwanachama wa kupinga ndani ya siku kumi na nne, kikundi kitafungwa na ghala lake la mtandaoni litafutwa.
Ukimya utahesabika kuwa ni kukubali.
Mtekelezaji: Namsifu Mshana (mwanachama pekee anayeikumbuka nywila).

14, bado

Namsifu ndio mimi. Mambo. Hizo namba za juu ni siku zilizobaki.

Sasa sikia. Onja ni programu ya simu. Unachovya karatasi ya kipimo kwenye maji, inabadilika rangi, unaipiga picha, Onja inakwambia maji yana floraidi kiasi gani. Ikizidi, watoto wanaota meno ya kahawia, na mifupa, basi, huku Meru hatuhitaji kuelezwa. Tuliitengeneza watatu, mimi, Ndewario na Sifaeli, chuoni, benchi moja, soketi moja. Huria, yaani yeyote aichukue, aipasue tumbo, aitengeneze anavyotaka. Bure.

Hakuna aliyeichukua.

Ndivyo nilivyojua mimi.

14, saa nne asubuhi

Simu isiyopokelewa (1). Namba ngeni.

12

NDEWARIO: Funga tu dada. Mi sahizi nafuga kware
SIFAELI: Kware si walishapitwa na wakati
NDEWARIO: Kama Onja
SIFAELI: Umeniua
MIMI: Kwa hiyo hakuna anayepinga?
*Ndewario anaandika…*
*Ndewario anaandika…*

Hakuandika.

10

Vilivyomo ghalani (fomu ya kufunga kikundi inadai orodha):
picha 412 za karatasi za kipimo, juani, kivulini, kwenye mwanga wa chemli
picha moja ya kidole cha Sifaeli
kanuni za kikundi, nilizitunga mimi mwenyewe: programu isidai mtandao. Isimuulize mtu jina. Isipeleke taarifa kwa yeyote, hata kwetu. Mtu na maji yake, aachwe kwa amani.
ripoti kutoka kwa watumiaji:

hakuna

7, Jumamosi, saa nne asubuhi

Simu isiyopokelewa (2). Namba ileile. Mlio mmoja, inakata.

Mimi na simu hatuachani hata chooni. Ila namba ngeni sipokei. Wewe unapokea?

2

(Huyu sio mimi. Nilimsikia baadaye, nimemweka hapa maana hapa ndipo alipokuwa anahangaika.)

Mimi ni Mama Anaeli, katibu wa kamati ya maji, Nkoalema. Kila Jumamosi napima maji, mwaka wa nne huu, naandika kwenye daftari. Sasa simu ikatumbukia kwenye tangi. Hii nyingine haina Onja. Na kisima kipya kimeshachimbwa, Jumapili kinabarikiwa, watoto wanakunywa. Mwenyekiti anasema maji ni safi, si unaona yanavyong'aa. Nikamwambia, mwenyekiti, hata yale yaliyokuharibu meno yaling'aa. Akafunga mdomo.

Chini ya Onja palikuwa na namba, niliinakili kwenye jalada la daftari. Leo nimebipu mara tatu. Hawapigi. Labda wana kazi nyingi.

1

*Fomu, kifungu cha 9. Mtekelezaji afungue programu kwa mara ya mwisho na kuondoa mawasiliano yoyote yaliyomo.*

Nimefungua. Rangi yake ileile mbaya ya zambarau. Nikashuka, nikashuka, mpaka chini kabisa.

Ukikwama, bipu. Tutakupigia.

Na namba.

Yangu.

1, dakika hiyohiyo

— Shikamoo. Samahani, nimekuta mmebipu.
— Marahaba, mwanangu. Nyie ndio Onja?

(Ungejibu nini, wewe?)

— Ndiyo, mama. Ndio sisi.
— Mko wengi?
— Sio… sio wengi sana.
— Nilijua mna foleni. Wiki ya pili hii nabipu.

Akanieleza. Tangi, kisima, mwenyekiti, Jumapili. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi.

— Mama, miaka yote hiyo, mbona hamkutuambia mnaitumia?
— Tuwaambie nini? Si ilikuwa inafanya kazi.

Yaani.

Tuliiamrisha programu inyamaze. Ikanyamaza. Tukasema imekufa.

1, mchana

Nimemtumia Onja. Imefunguka.

— Na wenzetu wa vijiji vya jirani nao wanaitaka, anasema. Ila wao huwa wanabipu kwangu.
— Kwako?
— Sasa nyie si mlikuwa hampigi.

0

FOMU YA MWISHO
Kikundi: kifungwe. (Ni kweli. Kware, kazi, maisha.)
Ghala: lisi

NDEWARIO: Napinga
NDEWARIO: Nilianza kuandika Jumatatu ile. Nikaona aibu
SIFAELI: Kware wamekufa?
NDEWARIO: Wawili tu

Ghala: lisifutwe.
Mrithi: ______________

Nilimuuliza Mama Anaeli jana. Mrithi afanye nini, akasema. Nikamwambia, kazi kubwa ni kupokea wanaobipu, sisi watatu tutashika mambo ya ndani. Akacheka kidogo. Kubipiwa nimezoea, akasema. Ila kwanza nione kama inasema kweli kwenye kisima changu. Nikipata jibu nitakubipu.

0, saa nne kasoro dakika

Mama Anaeli ametuma ujumbe: karatasi imeshachovywa. Inahitaji dakika tano. Mwenyekiti yuko pembeni yake, anaiangalia naye.

Kidole changu kiko juu ya ule mstari mtupu. Simu iko mkononi, kama siku zote, na ile namba sasa ina jina.

Haijaita.

Haijaita.

Mlio mmoja