Mizani ya Misumari

Saa kumi na moja na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya pili ya Agosti, mizani ya Taranjit ilisoma kilo sitini na nne na gramu mia mbili. Ilikuwa mizani ya kupimia misumari, nyuma ya kaunta ya duka lake la vifaa vya ujenzi, Parklands. Aliyesimama juu yake, amevaa kaptula tu, alikuwa rafiki yake Jamleck, mwalimu wa jiografia. Taranjit aliandika uzito na saa kwenye daftari, akafungua mlango.

Njia ilikuwa mzunguko wa kilomita ishirini na moja: kuteremka hadi katikati ya jiji, kupanda Westlands mpaka Muthangari, kurudi kupitia Spring Valley. Mara mbili, kisha mita mia moja tisini na tano za kumalizia. Jamleck alipaswa kuukimbia umbali huo siku kumi mfululizo.

Sababu ilikuwa dada yake, Ciru. Figo zake zilikufa miaka mitatu iliyopita, na kila Jumanne na Ijumaa alisafishwa damu kwa mashine katika hospitali moja iliyo umbali wa dakika tano kutoka dukani. Ndugu saba walipimwa ili mmoja ampe figo. Aliyelingana naye alikuwa Jamleck peke yake. Hospitali ilitaka pia sahihi ya mke wa mtoaji, na Wahu, mkewe, alikataa kuiweka.

Hakukataa kwa chuki. Kaka yake, Mwaura, alikonda mwaka mzima huku kila mtu akimwambia ni uchovu wa kazi, mpaka wakamzika. Tangu hapo Wahu hakuamini maneno ya mtu yeyote kuhusu afya.

“Baba Waithera, mtoto ana miaka minne,” alimwambia mumewe. “Ukibaki na figo moja, nitajuaje kama uko sawa?”

Jamleck alimuuliza kama marathoni kumi zingemtosha. Wahu alifikiri tangu chakula cha jioni mpaka vyombo vikaoshwa.

“Umalize zote, na usikonde. Hapo nitaandika.”

Fomu ya hospitali ilikuwa na kurasa tatu. Ukurasa wa tatu, wenye nafasi ya sahihi, Wahu aliuweka ndani ya Biblia. Zile mbili za maelezo zilibaki kwenye bahasha, juu ya kabati.

Siku nne za kwanza Jamleck alimaliza kwa muda wa kati ya saa nne na nusu na saa tano. Uzito ulishuka kidogo kidogo. Alhamisi ulikuwa kilo sitini na mbili na nusu, na goti la kulia lilikuwa limevimba. Wahu, ambaye kila jioni aliletewa daftari, alisoma namba ile akalirudisha.

Ijumaa Jamleck alinunua vidonge vya kutuliza maumivu, diklofenaki, katika duka la dawa. Hakuulizwa cheti cha daktari. Alimeza viwili kabla ya kukimbia na viwili baadaye, na akafanya hivyo kila siku. Maumivu yalipungua. Aliongeza pia chapati na maharagwe, lakini alikunywa maji kidogo, kwa sababu tumbo liliyakataa.

Jumatatu iliyofuata mizani ilisoma sitini na tatu na nusu. Jumanne, sitini na tano.

“Boss, watu hukimbia wakakonda,” alisema Taranjit. “Wewe unakimbia unanona. Nitakuweka dirishani, nitangaze simiti.”

Walicheka. Soksi zilikuwa zimeacha alama za kina juu ya vifundo vya miguu ya Jamleck. Asubuhi hiyo hiyo, chooni, Jamleck aliona mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi. Hakumwambia mtu. Ilibaki siku moja.

Jumatano alimaliza kwa saa saba na dakika kumi, sehemu kubwa akitembea. Wahu alimsubiri mlangoni mwa duka. Mizani ilisoma sitini na sita na gramu mia nne. Aliinama akaisoma mwenyewe, akamwambia Jamleck ashuke, akampandisha tena. Namba haikubadilika. Alitoa ukurasa kwenye Biblia akatia sahihi juu ya kaunta.

“Nilikushuku bure,” alisema.

Walikwenda hospitali wote watatu. Mratibu wa upandikizaji, aliyeitwa Peres, alipokea fomu akaagiza kipimo cha mwisho cha damu. Majibu yalitoka saa kumi na moja jioni. Daktari aliyaeleza mara mbili: misuli iliyochakaa na vidonge vilikuwa vimezifunga figo za Jamleck, na kilo zilizoongezeka zilikuwa maji yasiyotoka. Huenda figo zingepona kiasi. Kutoa moja, hapana.

Wahu aliuliza kama wangeweza kujua mapema. Peres alimfungulia nakala mpya ya fomu ile, ukurasa wa pili. Mstari wa nne ulikataza dawa hizo kwa jina. Mstari wa tano ulisema uzito ukipanda ghafla, mtoaji apige simu siku hiyo hiyo.

Ijumaa, saa moja na dakika tano asubuhi, Ciru aliunganishwa na mashine namba nne. Saa moja na dakika ishirini, Jamleck aliunganishwa na namba tano.