Bomba Lililopanda Mlima

Maji ya kijivu yalikuwa yakipanda ndani ya sinki ya Makandi, polepole, bila sauti, kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Tulisimama sote wawili tukiyatazama. Mfereji wake ulikuwa umefungwa tangu asubuhi; niliufunga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Juu ya maji hayo ilielea tambi moja ndefu, ikizunguka taratibu.

"Mimi sijapika tambi," Makandi alisema. "Tangu nizaliwe, Baba Abdub, sijawahi kupika tambi."

Ilikuwa Jumatano. Kufikia Ijumaa alitakiwa awe amehama, na ni mimi niliyetumwa kumpa habari hiyo. Nilikuwa bado sijapata mdomo wa kumwambia.

Ploti ile ni ya mjomba wangu Jattani, pale Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo: vyumba sita vimepangana mstari mmoja, kutoka ukuta wa nyuma hadi langoni. Mjomba alikuwa ametia sinki katika kila chumba, jambo ambalo majirani walilizungumzia mwezi mzima, na maji ya sinki zote yaliteremka ndani ya bomba moja lililofukiwa mbele ya milango. Bomba hilo liliishia kwenye chemba, kisanduku cha saruji chenye mfuniko karibu na lango, na kutoka hapo maji yakaingia shimoni. Makandi alikaa chumba cha sita, cha mwisho upande wa lango na cha chini kuliko vyote. Alikuwa mjane kutoka upande wa Maua, akiwapikia chapati na maharagwe watu wa soko la mifugo. Binti yake, Kinanu, alibakiza muhula mmoja afanye mtihani wa kidato cha nne. Kumhamisha wakati ule kulikuwa ni kumng'oa na mizizi.

Lakini sinki yake ilikuwa ikifurika kila siku ya tatu, na uchafu kumwagika hadi kwenye njia ya wapangaji wengine. Fundi Salesio aliitwa mara mbili. Alisukuma waya ndani ya bomba, maji yakapita siku mbili, kisha yakarudi na harufu mbaya zaidi. Mara ya pili alifuta waya wake kwa gunia akasema, "Hii ni mafuta ya chapati. Mpaka huyo mama aache kupika, mtaniita kila wiki." Wapangaji wakaitikia. Mjomba akaitikia, akanituma nimwambie ahame. Hata mimi niliitikia, kwa sababu nilikuwa mtu wa kuitikia siku hizo.

Ukame ulikuwa umenifagilia ng'ombe thelathini na mmoja kule Kipsing. Niliingia Isiolo na mke wangu Bisharo, watoto wawili na fimbo ambayo haikuwa na cha kuchunga. Mjomba alitupa chumba cha tano na kunikabidhi funguo za lango niwe msimamizi wa ploti. Hakuwahi kunisimanga, hata siku moja. Ndiyo maana neno lake kwangu lilikuwa zito. Mtu aliyekusitiri humwambii kirahisi kwamba amekosea.

Tambi ile, hata hivyo, ilikataa kunitoka machoni. Mpishi wa tambi alikuwa Nasteha, wa chumba cha pili. Kwa hiyo maji yale hayakuwa ya Makandi. Yalikuwa ya watu wa juu, yakiteremka, yakishindwa kupita, yakitafuta tundu la kwanza la kutokea.

Nikamkumbuka baba yangu, Guyo. Alikuwa akichimba visima kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, na kutoka kisimani alifinyanga mfereji wa udongo hadi kwenye hori la kunyweshea. Kabla ng'ombe hawajaruhusiwa kusogea, alimwaga kikombe kimoja tu cha maji, akachuchumaa, akakiangalia kikisafiri. Kikimwagika njiani, hakupoteza muda na mahali pale palipolowa. Alienda mbele, akapapasa kwa kidole mpaka apate pale maji yaliposhindwa.

"Mama Kinanu," nikamwambia Makandi, "niletee karai."

Niliweka karai chini ya sinki yake nikafungua ile kona ya bomba iliyopinda. Nilikuwa sijawahi kutia mkono wangu kwenye taka za mtu. Ndani kulikuwa na utando mwembamba wa mafuta na vipande vya kitunguu, basi. Kidole changu kilipita bila taabu. Nikaenda langoni, nikainua mfuniko wa chemba, nikapiga magoti nipate kuona vizuri. Chemba ilikuwa kavu. Chumba cha sita kilikuwa kimejaa maji na chemba, hatua tisa tu mbele yake, ilikuwa na vumbi.

Nikainua macho. Kati ya ukuta wa Makandi na chemba ile palikuwa na duka la mjomba, alilolijenga mwaka uliotangulia. Bomba letu lilipita chini ya ngazi yake.

Mjomba alikuwa ameketi nje ya duka hilohilo, ametoka kuswali adhuhuri, tasbihi mkononi.

"Salaam aleikum, mjomba."

"Aleikum salaam. Umemwambia?"

"Sijamwambia. Mafuta si shida. Nataka kuchimba hapa." Nilionyesha ngazi ya duka, saruji yake bado mpya, imepakwa rangi nyekundu.

Alinitazama kama anayenihesabu vidole. "Tache. Nilikupa funguo ulinde hii ploti, si uibomoe. Na kama hapo chini hakuna kitu?"

"Kama hakuna kitu, mimi na Bisharo tutahama pamoja na huyo mama."

Maneno yalishatoka. Nilikuwa sijamuuliza Bisharo, wala sikuwa na mahali pa kuhamia. Mjomba alisogeza tasbihi shanga mbili, tatu. "Chimba," akasema, akaingia ndani ya duka.

Nilianza Alhamisi baada ya alfajiri. Kufikia saa mbili, watu waliokuwa wakienda sokoni na mbuzi wao walikuwa wakisimama langoni kutazama. Baadhi yao walinijua nikiwa na ng'ombe. Sasa waliniona nimeloa hadi magotini katika tope la sabuni na mabaki ya ugali, na mmoja akauliza kwa Kiborana, kwa sauti ya kutosha, kama huyu si mtoto wa Guyo. Sikuinua kichwa. Masikio yaliniwaka.

Kisha nikaona miguu ya Bisharo ukingoni mwa mtaro.

"Nimesikia umetuhamisha," alisema.

Nikafuta tope usoni, nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi chimba vizuri." Akajifunga leso kiunoni, akashika karai, akaanza kuondoa udongo niliokuwa nimerundika. Makandi akatoka na karai la pili. Hawakuwa wamezoeana sana wanawake hao wawili. Asubuhi ile waliinuka na kuinama pamoja kama waliokulia boma moja.

Tuliufikia msingi wa duka kabla ya adhuhuri. Lilikuwa jiwe pana, la kijivu, na bomba letu, badala ya kulizunguka, lilikuwa limepanda juu yake, likapita mgongoni, kisha likateremka upande wa pili kuelekea chemba. Mlima mdogo, wa kimo cha kiganja. Lakini maji hayana miguu ya kupanda. Kila kilichooshwa ndani ya ploti kilifika hapo kikasimama, na mashapo yakatulia na kugandamana mwaka mzima. Waya wa Salesio ulikuwa ukitoboa njia nyembamba, nayo ikijifunga tena.

Nilikata bomba kabla ya jiwe. Tope jeusi lilitoka kwa kishindo, na watu wa langoni wakarudi nyuma wakifunika pua. Nilipomaliza kukisafisha kile kipande cha mbele kilichopanda jiwe, nikaomba kikombe cha maji. Mjomba alikuwa amekuja kusimama juu yangu, kanzu ameikusanya kwa mkono mmoja.

Nikamwaga. Maji yalikimbia, yakapunguza mwendo, yakafika shingoni mwa lile jiwe, yakatetemeka. Halafu yakanigeukia.

"Mwaga tena," mjomba alisema.

Nikamwaga tena. Yakarudi tena.

"Nani alimwambia fundi wa duka apitishe bomba juu ya msingi?" aliuliza. Nadhani hakuwa akituuliza sisi. Kisha akajibu mwenyewe: "Ni mimi. Yeye alitaka kuzunguka. Nikaona atanichelewesha."

Akamgeukia Makandi, ambaye alikuwa bado ameshika karai lililojaa tope. "Mama Kinanu, nilikuwa nimesema uhame. Huyu alikataa kukuletea hiyo maneno. Makosa ilikuwa yangu. Kaa kwa nyumba yako."

Makandi alinitazama, kisha akamtazama yeye. Aliweka karai chini. "Nilikuwa nahama lini?"

"Kesho," mjomba alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiinamisha uso mbele ya mpangaji.

"Kesho nina maharagwe ya watu hamsini," alisema Makandi. Akainua karai lake akaenda kulimwaga.

Salesio aliitwa mara ya tatu. Alipoona jiwe lile alitikisa kichwa, akavua shati, akaingia mtaroni nami. Ni yeye aliyenifundisha kuvuta kamba ili bomba literemke kidogo kila hatua, na kupaka gundi bila kuiacha ikauke mapema. Miezi iliyofuata alianza kunipigia simu akiwa na kazi kubwa. Leo ni miaka minne. Nimezibua mabomba kuanzia Bulla Pesa hadi barabara ya Leparua, na nikiingia nyumba ya mtu swali langu la kwanza ni maji yanatokea chumba gani kwanza. Ng'ombe sina. Nina mbuzi saba kwa shemeji yangu, na watoto wako shuleni. Usiku nikiota, bado naota malisho; asubuhi naamka nikajue nani amenipigia.

Lakini ile Ijumaa ndiyo ninayoirudia. Bomba jipya lilikuwa limelizunguka duka, ngazi nyekundu imevunjwa vipande, na mjomba alikuwa ameoga tayari kwa swala ya Jumaa. Bisharo alipita mlango hadi mlango akiwaambia wanawake wafungue mifereji yote kwa pamoja. Nililala kifudifudi penye chemba. Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha nikasikia mchakacho mdogo, kama mtu anayekuja akiburuta viatu, na maji ya vyumba sita yakamwagika mbele ya uso wangu, yakiwa na povu, maganda ya vitunguu na majani ya chai.

Watu walipiga vigelegele, kwa maji machafu.

Niliposimama, niliona mjomba ameshashika koleo. Alikuwa akifukia mtaro. Alifukia vibaya, kama mtu ambaye hajashika koleo miaka mingi, nusu ya udongo ikimwagikia viatu vyake vya msikitini. Nilichukua koleo la pili, nikaanza upande wangu.