Manda Hubanduliwa Zingali Moto

Sikulitilia maanani bakuli la maji. Limo karibu katika kila picha niliyopiga kwenye jiko lile la mtaa wa Bellevue: bakuli la plastiki la buluu, kando ya meko, upande aliosimama Yasmin. Nililiona kama nilivyouona ukuta na pazia. Ambacho sikukiona ni kwamba Bi Mayasa hakuwa akilitumia.

Nafundisha historia katika chuo kikuu hapa Braamfontein, Johannesburg. Wakati ule nilikuwa naandika kitabu juu ya vitafunio vya watu wa visiwani, vile vya unga vinavyotiwa nyama au samaki: sambusa za Pemba kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine pastechi za Curaçao, kisiwa cha Karibi. Nilitaka kujua kitafunio huendelea kuwa chenyewe hadi lini baada ya wapishi wake kuhama. Sambusa hazikuwa adimu Johannesburg, lakini nyingi nilizokula zilikuwa na ngozi nene kama ya andazi. Ndipo mzee mmoja, baada ya swala ya Ijumaa, akanielekeza kwa Bi Mayasa.

Alikuwa mzaliwa wa Wete, Pemba, mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alipanga chumba cha nyuma katika nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba vingi, akiishi na Yasmin, binti wa marehemu kaka yake, aliyezaliwa hapahapa mjini. Chumba cha mbele alikaa Placide, fundi cherehani kutoka Bukavu. Jiko lilikuwa la wote.

Bi Mayasa alitengeneza manda mwenyewe. Manda ni ile ngozi nyembamba inayofungiwa nyama ya sambusa. Alisukuma vidonge vya unga vikawa duara ndogo, akazipaka mafuta, akazinyunyizia unga mkavu, akazipanga moja juu ya nyingine, kisha akazisukuma zote kwa pamoja hadi zikawa pana kama sinia. Furushi hilo aliliweka juu ya chuma cha moto, akaligeuza, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Manda hubanduliwa zingali moto. Zikipoa hushikana, na ukizilazimisha huchanika. Kwa hiyo mpishi hushika ncha ya ile ya juu, mvuke ukimpiga usoni, akaivuta taratibu, kisha inayofuata, na inayofuata.

Yasmin alibandua moja, akapiga ukelele, akatumbukiza vidole ndani ya bakuli, akabandua nyingine. Bi Mayasa alibandua zote bila kupepesa macho.

"Mama Mayasa, weye uko na mikono ya chuma!" alisema Placide, aliyekuwa amekuja kuchemsha chai. "Ile pasi yangu, ikikuona weye, itaogopa."

"Ipite mbali pasi yako," alijibu Bi Mayasa. "Mwanamume mzima unalia ukishika kikombe cha chai."

Tulicheka. Nami nikamgeukia Yasmin. "Mtazame shangazi yako, binti. Huo ndio mkono wa Pemba. Wewe wako wa Bellevue, unakimbilia majini."

"Eish, Mwalimu, moto ni moto tu," alisema Yasmin, akinyonya kidole.

Bi Mayasa alitabasamu, akainamisha kichwa. Niliwasha kamera ya simu nikamrekodi. Katika rasimu ya kitabu niliandika kwamba mkono usioogopa moto ndio alama ya mpishi wa asili, ambayo uhamaji haujaifuta. Niliipenda sentensi hiyo.

Kulikuwa na mambo mengine, na yote yalipita mbele yangu. Vifungo vya baibui lake alifungiwa na Yasmin. Siku moja, akinisindikiza hadi langoni, ndara moja ilimvuka mguuni, naye akaendelea kutembea juu ya kokoto huku akinieleza habari za karafuu. Nilimwokotea. Tukacheka na hilo pia.

Kabla ya safari yangu ya Curaçao, idara yetu ilikuwa ikijiandaa kupokea wageni, nami nikajitolea kuagiza sambusa. Nilikwenda Bellevue kumweleza. Bi Mayasa alisikiliza, akiwa amekunja mikono ndani ya kanga.

"Wageni ni wengi, Mwalimu."

"Ni wengi, Bi Mayasa, ndiyo maana nataka waonje kitu cha kweli."

"Kuna manda za pakiti kule Fordsburg, zilizogandishwa. Yasmin anasema si mbaya. Safari hii tu. Mikono yangu siku hizi..." Hakumaliza.

"Wakila za dukani watakuwa hawajala sambusa," nilisema. "Watakuwa wamekula nyama ndani ya karatasi. Wewe si wa manda za dukani, Bi Mayasa."

Alinitazama kidogo. "Haya, mwanangu," alisema. "Nitatengeneza."

Nikaondoka nikiwa nimeridhika kabisa.

Wageni walipoondoka nikasafiri, na huko Curaçao nikaipata pastechi niliyokuwa nikiitafuta. Ilikuwa asubuhi, kwenye kibanda cha barabarani nje kidogo ya mji wa Willemstad, mbele ya foleni ya watu waliokuwa wakielekea kazini. Aliyekaanga alikuwa mama mnene, mwenye miwani. Alizifunga kingo kwa vidole, pindo juu ya pindo, kama anayesokota kamba, na ndani alitia samaki wa chumvi. Alipoopoa moja ili anipe, mafuta yalimrukia. Alitukana kwa lugha yao, foleni nzima ikacheka, akachovya mkono kwenye ndoo ya maji iliyokuwa miguuni pake.

Nilimuuliza kwa Kiingereza amefanya kazi hiyo tangu lini. Tangu akiwa msichana, alisema, na mama yake kabla yake.

"Na bado unaungua?"

"Kwani mimi ni jiwe?" alisema. "Chukua chakula chako, watu wanangoja."

Nilisogea pembeni, kitafunio mkononi. Sikukila. Nilitoa simu nikaitazama ile video ya Bellevue. Niliitazama mikono tu. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimelala juu ya chuma chenyewe, wakati mkono wa kushoto ukibandua. Kilibaki pale. Bi Mayasa alikuwa akiangalia kwingine, akimsikiliza Placide.

Nikapiga simu. Kwao ilikuwa alasiri. Alipokea Yasmin.

"Shangazi amelala, Mwalimu. Mkono umevimba mpaka huku kwenye kiwiko."

"Aliungua?"

"Siku ya sambusa zako. Hakusikia. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nilidhani ni nyama."

Nikamuuliza kama amefika kliniki. Walikwenda, alisema, lakini langoni kulikuwa na kundi la raia wanaopinga wahamiaji, wakiuliza vitambulisho, wakawarudisha wote wasio wa hapa. Bi Mayasa akasema basi, watapaka asali. Nilimwomba anipe Placide. Placide hakufanya mzaha wowote. Alifunga kazi yake, akaazima gari, akampeleka hospitali ya mbali zaidi ambako hakuna aliyesimama langoni. Daktari alisema ni kisukari, cha miaka mingi bila kutibiwa, kilichoua hisia za vidole na nyayo. Walimkata mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo.

Niliporudi nilimkuta ameketi kitandani, kanga imefunika upande ule. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti yake ileile.

"Wageni wako walikula?"

"Walikula, Bi Mayasa. Hazikubaki."

"Alhamdulillahi."

Nilikaa. Nikamuuliza alijua tangu lini kwamba vidole havisikii.

"Tangu zamani. Kwanza ganzi, nikasema ni umri. Halafu nikaona watu wanashangaa, wanasifu. Ukaja wewe na kamera." Alirekebisha kanga kwa mkono uliobaki. "Ulikuwa unasifu sana, Mwalimu. Niliona haya kukuambia kwamba si ufundi."

Yasmin alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitazama.

Kitabu sikukimaliza. Bi Mayasa akienda hospitali naenda naye, na asubuhi Yasmin humkagua nyayo kabla hajavaa viatu. Sambusa bado zinauzwa katika nyumba ile. Yasmin ndiye anayekunja na kukaanga, na Bi Mayasa huonja chumvi. Manda zinanunuliwa Fordsburg, za pakiti.