Baiskeli ya Kusomea

Fundi alikuwa na pumzi ya sentensi moja. Ikiisha hiyo, ilibidi ashike ukingo wa meza na kuvuta hewa kama mtu aliyepanda ngazi na mfuko wa saruji mgongoni, ndipo aendelee na ya pili.

Kwa fundi mwingine wa cherehani jambo hilo lisingekuwa tatizo kubwa, maana nguo haisomwi. Lakini huyu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni, pamoja na wenzake ambao wengi wao walikuwa na wajukuu. Sasa darasa lao lilikuwa limehitimu, na kiongozi wa ibada alikuwa amempa heshima ambayo hakuwahi hata kuiota: asome somo mbele ya waumini wote, siku ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya walimu wao. Somo lilikuwa refu, nalo lilikuwa na sentensi zinazozunguka na kuzunguka kama pindo la sketi pana.

Kilichomwibia pumzi ni maradhi ya moyo. Alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani akiwa mzima lakini mwepesi kuchoka. Kila asubuhi alipofumbua macho, kabla hajatafuta kandambili, alisema, "Bwana, asante, nimeamka tena."

"Moyo ni msuli, mama," daktari alimwambia. "Usipoufanyisha kazi unazoea uvivu. Kila siku utoe jasho kidogo. Kipimo ni hiki: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba."

"Na kusoma kwa sauti je, daktari?"

Daktari alicheka. "Kusoma ni kuzungumza. Ukiweza kusoma, mwendo ni huo huo. Ukishindwa, punguza."

Fundi alijaribu kutembea nje. Lakini mtaa wao ulikuwa njia ya malori ya kokoto, na mifuniko ya mtaro ilikuwa imevunjika. Siku moja mguu ulizama, goti likachubuka, akarudishwa nyumbani ameshikwa mikono kama bibi harusi asiyetaka kuolewa. Mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, alipopata habari alipiga simu palepale.

"Mama, hakuna kutoka tena. Nakununulia mashine ya kukimbilia. Kubwa, ya umeme, kama zile za kwenye mahoteli."

Fundi hakuwa mtu wa kupokea kitu kabla ya kukitolea shukrani. Alikata simu, akapiga magoti palepale kwenye vipande vya vitambaa, akamshukuru Mungu kwa mtoto mwenye kumbukumbu. Alipoinuka, mumewe alikuwa anamtazama kutoka kwenye kiti chake cha kona ya sebule. Mzee alikuwa amestaafu kazi, lakini utani hakuustaafu.

"Tangu nizaliwe naona watu wanakimbia ili wafike," alisema. "Wewe utakimbia kutwa nzima, na jioni nitakukuta hapo hapo sebuleni."

"Si afadhali mimi, Mzee? Wewe hukimbii, na hapo hapo upo."

Mkwe wao, mke wa yule dereva, alikuwa akipiga pasi. Aliinamisha kichwa kuficha tabasamu, wala hakusema neno. Walimwita Kimya. Kazi yake ilikuwa kupokea simu katika ofisi ya usafirishaji, na Mzee alipenda kusema kwamba maneno yote ya siku huyamaliza kazini, nyumbani analeta mabaki. Mumewe akiwa safarini, Kimya aliishi na wakwe zake. Kila jioni alipiga pasi nguo za wateja huku Fundi akisoma somo lake kwa kukatakata, sentensi na mhemo, sentensi na mhemo. Hakuwahi kumsifu, wala kumsahihisha. Wakati mwingine Fundi alijiuliza moyoni kama ule ukimya ni adabu au ni dharau. Kisha alitubu, maana kumdhania mtu vibaya ni dhambi pia. Lakini swali halikuondoka.

Kabla ya kwenda dukani, Fundi alitaka kujua kama mashine itaingia. Mwanawe alimtajia vipimo kwa simu, naye akafanya kama anavyofanya kwa kila kazi: akatandika karatasi ya kaki, akachora kwa chaki, akakata. Si mfano mdogo, bali mashine nzima kwa ukubwa wake, kama mtu anayekata kipande cha mgongo cha gauni. Akakilaza kile kipande sebuleni, kati ya meza ya kukatia na mlango. Kikakaa barabara. Kikagusa meza upande huu na mlango upande ule, bila kubaki hata upenyo wa sindano.

"Mmeona?" alisema kwa fahari. "Kama kilishonewa hapa!"

Mzee akapiga makofi. Kimya aliacha pasi, akasogea, akakitazama kile kipande kwa muda mrefu.

"Mama," alisema taratibu, "nafasi ya mshono umeiacha wapi?"

Fundi akaduwaa. Akatazama karatasi, akatazama mlango usioweza kufunguka, akatazama mahali ambapo mtu angepaswa kupandia na kushukia, napo hapakuwepo. Miaka yote ile akiwagombeza wanagenzi wake kwa kusahau nafasi ya mshono, ile ziada ya kitambaa pembeni! Alicheka mpaka pumzi ikamkimbia, ikabidi Kimya amshike na kumkalisha.

"Fundi mkubwa kashona gauni lisiloingia kichwa!" Mzee alisema, akijifuta machozi.

Wakakata upya, safari hii na nafasi ya kupita pande zote, na meza ikasogezwa. Fundi alikikunja kile kipande, akakitia mkobani. Hakuona kwamba Kimya naye alikuwa ametia kitu mkobani mwake.

Duka walilokwenda Fundi na Kimya lilikuwa na vioo ukuta mzima. Muuzaji alikuwa kijana mwenye misuli, na shati lilimbana hivi kwamba Fundi alikihurumia kifungo cha kifuani. Akampandisha Fundi kwenye mashine ya kukimbilia. Mkanda ukaanza kuteleza chini ya miguu, Fundi akashika vishikio kwa nguvu zote.

"Unaonaje, mama?" muuzaji aliuliza.

"Naona ardhi inanikimbia, mwanangu. Nimeikosea nini?"

Hapo Kimya akafungua mkoba, akatoa karatasi ya somo, iliyoandikwa kwa herufi kubwa, akaishika mbele ya macho ya mama mkwe wake.

"Soma, mama."

Fundi alijaribu. Herufi ziliruka kama maharagwe juu ya ungo. Sentensi ya kwanza ilipita, lakini ya pili ikapotea.

"Umeruka mstari," Kimya alisema.

"Hapa si maktaba, dada," muuzaji alisema kwa upole.

"Daktari alisema kipimo ni kusoma. Tujaribishe nyingine, tafadhali."

Wakajaribu ile ya kupiga makasia. Magoti yalimfika Fundi kidevuni na mikono yote miwili ilishikwa na mpini. "Karatasi niishike kwa meno?" aliuliza. Wakajaribu ile ambayo miguu inakanyaga na mikono inasukuma kwa pamoja, nayo ikawa vilevile, tena ilimtisha kwa urefu wake. Wakajaribu baiskeli ya mazoezi ya kawaida. Ilikuwa tulivu na mikono ilibaki huru, lakini Fundi alishuka upesi huku akijishika nyuma.

"Aliyekata kiti hiki hajawahi kumpima mwanamke," alisema, hata muuzaji akasahau cheo chake akacheka.

Mwishoni, nyuma ya rafu, kulikuwa na baiskeli ya namna nyingine: kiti kipana chenye egemeo la mgongo, na pedali zikiwa mbele, si chini. Haikuhitaji umeme. Kulikuwa na kitufe cha kuzungusha ili kuongeza uzito. Wateja wengi, muuzaji alisema, huiona kama ya wagonjwa.

"Basi imenipata," Fundi alisema, akakaa.

Miguu ikaanza. Iliijua kazi ile, kama ilivyoijua zamani cherehani ya kukanyaga, kabla ya ile ya mota. Aliweka karatasi juu ya paja, akasoma. Sentensi ya kwanza ikaisha. Akaingia ya pili, taratibu, jasho likimchomoza kwenye paji la uso, akafika nusu, akavuta hewa, akaimaliza. Miguu haikusimama.

Walitandika kile kipande cha kaki sakafuni, mbele ya muuzaji aliyeshangaa, na baiskeli ikatosha juu yake kwa nafasi ya mshono na ziada. Ndipo Fundi alipomkumbuka mwanawe, furaha ikapungua. Kijana alikuwa ameahidi kubwa, ya hotelini. Angeona amedharauliwa.

Kimya alipiga simu mwenyewe. Sauti ya mumewe ilisikika mpaka nje ya simu.

"Ya wagonjwa? Nimnunulie mama yangu ya wagonjwa? Watu watasemaje?"

"Mume wangu, nisikilize," Kimya alisema. Sauti yake haikupanda. "Kila jioni namsikiliza mama akisoma. Najua kila mahali pumzi inapomkatikia. Hataki kukimbia. Anataka kufika mwisho wa somo. Leo nimemsikia akisoma sentensi mbili huku miguu inakwenda."

 Kisha ile sauti ikarudi, ndogo sana.

"Mbili?"

"Mbili."

"Basi chukueni hiyo hiyo. Mwambie mama... mwambie nitamsikiliza nikirudi."

Fundi alimtazama mkwe wake. Kumbe jioni zote zile, nyuma ya mvuke wa pasi, mtu alikuwa akimhesabia pumzi! "Bwana, nisamehe," alisema moyoni, "na asante. Uliniletea binti, mimi nikaona mgeni." Kwa sauti alisema tu, "Mwanangu," akamshika mkono, na Kimya akaelewa.

Nyumbani, baiskeli ilipewa kona ya sebule, na kiti cha Mzee kikahamishwa.

"Miaka yote hii kwenye ndoa, leo nimepinduliwa na baiskeli isiyokwenda popote!" alilalamika. Alipokwisha kusimuliwa yaliyotokea dukani, alitikisa kichwa. "Nanyi mlidhani huyu hana maneno. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Tangu hapo kila jioni ikawa na mpangilio wake: pasi inatoa mvuke, pedali zinazunguka, somo linasomwa. Pumzi ikishindwa, Fundi alipunguza mwendo, kama alivyoelekezwa. Ikirudi, alimshukuru Mungu kwa hiyo moja, bila kudai ya kesho. Polepole sentensi zilishikana, moja ikishonwa kwa nyingine.

Siku ya ibada ilipofika, alipanda mbele akiwa na gauni alilojishonea. Ukumbi ulijaa. Wanafunzi wenzake wa darasa la jioni walikaa safu ya kwanza na miwani yao, mwalimu wao kando yao, na nyuma alikuwepo mwanawe, vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu. Fundi alifungua kitabu. Akaanza.

Kwenye sentensi ile ndefu kuliko zote, pumzi ilianza kuyumba. Na pale chini ya meza ya kusomea, ambapo waumini hawakuona, miguu yake ikaanza kukanyaga yenyewe, kisigino na kidole, kisigino na kidole. Kichwa kikatulia. Pumzi ikapata njia yake. Sentensi ikazunguka kona yake ya mwisho, ikafika kwenye nukta, na nyuma yake nyingine, na nyingine, mpaka ukurasa ukaisha na yeye bado amesimama.

 Kisha kutoka katikati ya watu sauti moja ikatangulia, wazi, ya juu, mpaka watu wakageuka kuona ni ya nani.

"Amina!" alisema Kimya.