Mnofu wa Kila Asubuhi

Fundi alikuwa amechoka kuambiwa kwamba nyama ile haina mafuta. Aliambiwa asubuhi, akaambiwa mchana, akaambiwa tena jioni akipakua chakula, na aliyemwambia ni baba yake mzazi, mtu mzima mwenye akili zake timamu, ambaye figo zake zilikuwa mbioni kugoma na bado kila siku ya Mungu alisimama mlangoni pa bucha lake akila kipande cha nyama ya ng'ombe kilichofunika sahani. Wateja walimtazama akila. Wengine walimhesabia matonge.

Kula kule kulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Zamani, enzi za babu yake Fundi aliyelifungua bucha, kulizuka uvumi kwamba pale inauzwa nyama ya kibudu. Watu wakahama wote, nyama ikabaki inaning'inia kwenye ndoano na nzi wake. Babu hakubishana na mtu. Alitoa jiko la mkaa akaliweka mlangoni, akakata kipande kwenye paja lilelile lililokuwa likiuzwa, akakichoma, akakila chote mbele ya kadamnasi. Kesho yake akarudia. Wateja wakarejea mmoja mmoja, na tangu hapo likawa sharti la nyumba: hakuna nyama inayopanda mizani kabla mwenye bucha hajaionja hadharani. Alipofariki, baba aliurithi ulaji ule pamoja na gogo la kukatia na visu.

Kwa miaka mingi halikuwa tatizo la mtu yeyote. Mzee alikuwa na kifua cha mlango na meno ya kutafuna mfupa, na wateja wakambandika jina la Mzee Mnofu, akalipenda kuliko jina alilopewa na wazazi. Kisha miguu ikaanza kumvimba. Presha ikapanda. Hospitalini wakampima damu na mkojo, wakamwambia figo zake zinafanya kazi nusu tu, apunguze chumvi, apunguze mafuta, na nyama nyekundu ale kwa nadra na kidogo sana.

Katika maneno yote hayo, mzee alichagua neno moja la kwenda nalo nyumbani. Mafuta.

Hapo ndipo Fundi alipoanza kupandwa na hasira ambazo hazikuwahi kushuka vizuri hadi leo. Kwa sababu kama kuna binadamu anayejua kutoa mafuta kwenye nyama, ni baba yake. Aliketi na kisu chembamba, akaukwangua mnofu, akavua ule utando mweupe kama anayemvua mtoto soksi, akachokonoa hata vile vijistari vya mafuta ambavyo mtu mwingine asingeviona. Vyote akavitupa kwenye ndoo ya mabaki. Alipomaliza aliigeuzageuza nyama juani, nyekundu tupu, akaridhika. Moyoni mwake ugonjwa ulikuwa umeshaingia ndooni. Mchinjaji mwingine asingekuwa na subira ile, na mtu asiye mchinjaji asingekuwa na ufundi ule. Ilihitaji mtu kama yeye kukosea kwa ustadi kiasi hicho. Na kwa kuwa mafuta yametoka, akaona si vibaya kuongeza kipande kidogo kufidia.

Cherehani ya Fundi ilikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja na bucha. Alishona sare za shule, na kila asubuhi, akiwa bado anapanga kola na mifuko, moshi wa nyama uliingia dirishani kumjulisha kwamba baba ameanza. Alikuwa amerudi kuishi naye baada ya mama kufariki, ili mzee asikae peke yake. Hakujua kwamba amerudi kuja kumwangalia akijimaliza kidogokidogo huku watu wanamshangilia.

Alijaribu kila njia. Aliuficha mkaa, mzee akaenda kuazima kwa jirani, na jirani akampa na kiberiti. Alimwomba kwa upole, akalia, akanuna siku nzima bila kusema naye, na mzee akala zake kwa amani akidhani binti ana kazi nyingi. Alimfuata baba mdogo, mdogo wa mzee, ambaye ndiye aliyekuwa akisimama kwenye mizani, akamwomba basi aonje yeye. Baba mdogo alifungua mdomo wake wote, akamwonyesha yaliyobaki humo ndani.

"Kwa meno haya, mwanangu?" alisema. "Nitakuwa natafuna mpaka adhuhuri, na wateja wataondoka na njaa zao. Halafu mimi ni wa mizani. Kaka ndiye mwenye bucha."

Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa, na mbuzi wenyewe walikuwa wawili.

Siku ya kurudi kliniki, Fundi alifunga cherehani akaenda naye, maana hakuamini tena habari alizokuwa akiletewa kutoka huko. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Aliyatazama majibu, akayatazama tena, akauliza mzee anakula nyama mara ngapi. Mzee akajibu bila aibu: kila siku, lakini steki tupu, haina hata chembe ya mafuta, na yuko tayari kumletea daktari kipande ashuhudie mwenyewe. Fundi alitamani sakafu ipasuke.

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba kutoa mafuta ni jambo jema, linausaidia moyo, na kwamba mtu mzima wa afya akila kipande kidogo cha mnofu mara chache kwa wiki hana la kuogopa sana. Hata huyo, kila siku asingemshauri. Lakini figo zake yeye hazichoshwi na mafuta. Zinachoshwa na nyama yenyewe, ile sehemu nyekundu anayoibakiza. Taka za nyama ndizo zinazopaswa kuchujwa, na kichujio kimechoka. Akiendelea hivi, mashine itabidi imsafishe damu, na mashine hiyo iko mbali, na mtu huifuata maisha yake yote.

Mzee aliisikiliza hotuba nzima, kofia magotini. Mwishoni akauliza swali moja, kama mtu anayetaka kujua bei ya mwisho.

"Hata kama mafuta nimeyatoa yote?"

Daktari akasema hata kama ameyatoa yote.

Njiani mzee hakusema neno, na Fundi akadhani limeingia. Alijipa moyo kabisa. Alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaamka, akawasha redio, akakaa kwenye cherehani. Moshi ukaingia dirishani.

Alitoka na mkasi mkononi, amesahau kuuweka chini. Wateja walikuwa hawajafika bado. Baba yake alikuwa ameinama juu ya jiko akigeuza nyama kwa uma, mguu mmoja ameutoa nje ya kiatu kwa kuwa kiatu kilikuwa kimegoma kuupokea.

"Baba, jana ulisikia nini?"

"Nilisikia. Yule daktari ni mtoto mdogo, anasoma tu kwenye makaratasi." Akaichoma nyama kwa ncha ya uma. "Hebu angalia hapa. Mafuta yako wapi?"

"Sizungumzii mafuta. Hakuna mtu anayezungumzia mafuta isipokuwa wewe."

"Ulitaka nitoe nini tena? Nimetoa kila kinachotoka."

Ungeweza kumweleza mzee yule kwa herufi kubwa ukutani na bado angetafuta neno mafuta asome hilo peke yake. Fundi alimwambia kwamba mama ameshaondoka, kwamba hana baba wa akiba, kwamba hiyo mashine ikifika siku yake ni yeye, Fundi, atakayeibeba miguu hiyo iliyovimba kwenda na kurudi, tena ataibeba, hilo si tatizo, tatizo ni kwamba kuna kitu kidogo tu cha kuacha na mtu hataki kukiacha. Mzee alimsikiliza huku akigeuza nyama. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Nikiacha kula, watu wataona naiogopa nyama yangu. Ukimwona mtu anaogopa kitu chake mwenyewe, wewe utakinunua?"

"Kwa hiyo bora ufe ili watu wanunue maini?"

"Mimi sijasema nitakufa," alijibu mzee, na kwa upande wake hoja ilikuwa imeishia hapo. Alikuwa tayari kufa na tai shingoni, tena tai yenyewe ilikuwa aproni yenye madoa.

Wateja wakaanza kuwasili. Alikuja mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu aliyenunua robo yake bila kukosa na kutoa maoni bila kuulizwa. Wakaja wanawake wawili wanaopikia watu sokoni, na nyuma yao dereva mmoja. Walimsalimu mzee, wakapanga foleni, wakangoja aonje. Na kwa kuwa walimwona Fundi amesimama pale na uso wa kugombana, wakajitia kusuluhisha. Dereva akasema mnofu hauna neno, mjomba wake anakula kila siku na bado anaendesha baiskeli. Mwanamke mmoja akasema hapana, yeye amesikia nyama nyekundu ni sumu, bora kuku. Mwenzake akasema kuku wa siku hizi ndiyo sumu yenyewe. Mwalimu akasema kila kitu ni kiasi, akawatazama wote akingoja wampongeze. Wakabishana hivyo juu ya kichwa cha mzee, wakila maisha yake kwa maneno, na hakuna aliyeutazama mguu wake.

Mzee aliweka kipande sahanini. Alipoinyanyua sahani, mkono ulimcheza. Akaituliza kwa mkono wa pili. Fundi aliuona ule mkono wa pili ukija kuusaidia wa kwanza.

Aliichukua sahani. Hakuinyang'anya; aliichukua tu, na baba yake, kwa mshangao, akaiachia. Akakaa kwenye kigoda cha mzee kando ya jiko, akakata tonge, akatia mdomoni.

Fundi hakuwa mtu wa nyama. Mtoto aliyekulia nyuma ya bucha, harufu ile anaishiba kabla hajajua kutembea. Na mzee alikuwa amekata nene, nyama kavu isiyo na hata tone la mafuta la kuilainisha, ikawa inamzunguka mdomoni haitaki kushuka. Akaimeza. Akakata tena. Baba mdogo alisimama nyuma ya mizani, mdomo wazi, na safari hii hakuwa akionyesha meno.

Ilimchukua muda. Taya zilimuuma, macho yakajaa machozi ya moshi na ya mengine, lakini alikimaliza kipande chote mbele yao, kisha akamgeuzia baba mdogo uso.

"Pima," alisema. "Mtu wa nyumba hii ameshakula."

Baba mdogo akamtazama kaka yake. Mwalimu ndiye aliyeuliza kwanza.

"Kwa hiyo sasa ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku," alisema Fundi. "Asubuhi kama hivi, kipande kama hiki. Si mmesema haina neno? Si haina mafuta?"

Alilisema hilo akimtazama baba yake, na alilisema kwa ubaya, akitaka limchome. Mzee alikuwa ameegemea mlango. Aliitazama sahani tupu, akamtazama binti yake mdomoni, shingoni, tumboni, kama anayefuata kile kipande kinakokwenda. Uso ulimbadilika. Akavuta hatua, akainama kwa shida mpaka akawa karibu na sikio lake, ili wateja wasisikie, ingawa walisikia.

"Isiwe kila siku, mwanangu."

"Kwa nini?"

Mzee akalamba midomo.

"Si nzuri. Kila siku si nzuri. Figo zenyewe unazo mbili tu."

Fundi alimkodolea macho. Alitaka kuipigiza ile sahani ukutani. Kumbe mzee alikuwa anajua. Alipokwangua mafuta, alipouliza swali lake kwa daktari, alipoonyesha nyama akiuliza mafuta yako wapi, muda wote ule alikuwa anajua, tena vizuri, na ujuzi huo ulimtosha kumlinda kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Fundi akaanza kulia pale pale kwenye kigoda, kwa sauti, mbele ya foleni nzima, na hakujali.

Mzee akanyooka, mkono kiunoni. Alimwambia mdogo wake azime jiko.

"Na kesho atakula nani?" mwanamke wa sokoni aliuliza.

"Hatakula mtu. Nyama ni nzuri, anayeitaka anunue."

Wale wanawake wawili wakatazamana, wakakunja mifuko yao, wakaondoka. Dereva alisitasita, kisha akawafuata. Mwalimu alibaki, akanunua robo yake na safari hii hakuwa na maoni. Mzee aliwasindikiza waliokwenda kwa macho mpaka walipokata kona kuelekea bucha la ng'ambo. Maji yalipomwagwa kwenye mkaa, hakugeuka kuangalia.

"Ndani kuna nini cha kula?" aliuliza hatimaye.

"Wali na mchicha," alisema Fundi, bado amekasirika, na akanyanyuka kwenda kumpashia moto.