Meno ya Babu Saulo

Ombeni wa Mbalizi alikuwa na kiburi cha mtu aliyejifundisha mwenyewe. Programu zake za kuchora picha kwenye skrini hakufundishwa na mtu, na sasa alikuwa amesafiri na runinga kubwa na laptop kutoka Mbeya hadi Kilolo ili wakwe waione kazi yake. Maana Kalinga, baba mdogo wa Joyness, binti aliyemposa, alikwisha kusema: "Kazi isiyoshikika si kazi. Mtoto wetu hatumtoi kwa mtu anayepapasa vioo."

Siku hiyo ndiyo ukoo ungetoa jibu la posa. Na katika ukoo ule jibu halitoki kabla mposaji hajamsalimu marehemu Babu Saulo. Ombeni akaichukua picha ya mzee iliyofifia, akaipitisha kwenye programu yake, na mzee akatokea kwenye runinga na shati lake jeupe, anatabasamu.

"Kamwene, babu," Ombeni akasalimu, magoti chini.

"Mbona yuko gizani?" Kalinga akauliza. "Mzee hakuwa mtu wa giza. Ongeza mwanga."

Akaongeza.

"Ongeza tena. Unambania marehemu?"

Kwao, kila mkubwa aliyeketi kikaoni lazima atie neno. Asiyetia neno huhesabiwa hakuja. Basi mmoja baada ya mwingine wakasema ongeza, na Ombeni, asiyependa kuonekana ameshindwa, akazidi kuongeza. Mara meno ya Babu Saulo yakawa meusi tii. Shati nalo likageuka jeusi. Mdomo ukabaki pango.



"Ametoa meno," akasema shangazi Veneranda.

Joyness akajifunika uso kwa kanga. Ombeni akamgeukia mshenga wake, Samwel, aliyezijua habari za wenyeji.

"Alikuwa na meno ya bandia," Samwel akamnong'oneza. "Akikataa jambo kikaoni alikuwa hasemi. Anayatoa, anayatia kwenye kikombe. Hapo hakuna rufaa."

"Hajakataa," Ombeni akasema kwa sauti. "Ni namba."

"Namba ndiyo imekataa?" Kalinga akauliza.

"Hakuna aliyekataa, baba. Kila nukta ya picha ina namba zake za mwanga. Sifuri ni giza. Mia mbili hamsini na tano ni weupe wa mwisho, kisanduku chake hakibebi zaidi. Meno yalikuwa karibu kufika. Mlipoongeza yakavuka, na namba ikivuka inaanza upya kutoka sifuri."

"Yaani mtu anang'aa mpaka anakuwa giza?"

"Asipowekewa ukomo, ndiyo."

"Na wewe kwa nini hukumwekea?"

 Siku zote Ombeni aliona ukomo ni uzio wa waoga. Mwenye hesabu sahihi, uzio wa nini kwake? Akainamia laptop, akaandika amri aliyoidharau: namba ikizidi, isimame kwenye mia mbili hamsini na tano, ikishuka mno, isimame kwenye sifuri. Meno yakarudi.

"Huo ni ubabe," Veneranda akasema. "Humvalishi mzee meno kwa nguvu halafu ukasema amekubali. Aulizwe upya."

"Na safari hii namuuliza mimi," Kalinga akasema, akaivuta laptop mapajani.

Ombeni akamwonyesha kitufe. Kalinga akabonyeza, akabonyeza tena. Shati likawa jeupe, zikafuata nywele, mashavu, pua, mwisho macho. Kila namba ilifika ukomoni ikasimama kwa adabu, hadi runinga nzima ikawa kama shuka lililoanikwa. Meno hayakutoka. Ila mzee mwenyewe hakuonekana.

"Kaenda wapi?" Kalinga akauliza.

"Kaondoka," Veneranda akajibu. "Kakuachia kikao."

"Mimi?"

"Mkubwa aliyebaki ni nani? Miaka yote unajificha nyuma ya marehemu. Sema sasa."

Ombeni akafumbua mdomo aeleze mambo ya mwanga. Samwel akamfinya paja. Kalinga akautazama ule weupe. Kisha akamtazama Joyness, ambaye alikuwa ameshusha kanga na hakupepesa macho. Akajishika taya, akaitikisa kidogo.

"Meno yangu mimi yameota," akasema. "Sina cha kutoa. Mpeni."