Mkono Mbele ya Kijani

Taa ya kijani iliwaka, na mume wangu akainua mkono kuyazuia magari.

Nilikuwa ndani ya kibanda cha mitambo, nikimwona kwenye skrini, nikasaga meno. Programu ya mataa yale niliiandika mimi: kamera zihesabu magari ya kila barabara, mtambo uamue nani apite na kwa muda gani. Yeye alikuwa trafiki, ameongoza makutano hayo kwa mikono na filimbi tangu kabla hatujaoana. Kila alipoingilia, mtambo ulivurugika, foleni ikarefuka, lawama zikaniangukia mimi.

"Simama pembeni siku moja tu," nilimsihi nyumbani. "Wakubwa wanakuja kukagua."

"Mke wangu, taa haina huruma."

"Haihitaji huruma. Inahitaji wewe ukae kando."

Akacheka, akakubali.

Siku ya ukaguzi alisimama ukingoni, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo vya wageni. Magari yalitiririka. Mkurugenzi wangu, aliyekuwa nami kibandani pamoja na wakaguzi, alikwishaanza kutabasamu, mara king'ora kikalia. Gari la wagonjwa lilikuwa limenasa nyuma ya malori, upande wa taa nyekundu, na mtambo haukusikia kitu. Kifaa cha kutambua ving'ora nilikiomba, nikakiomba tena. Mkurugenzi huyohuyo alikikata kwenye bajeti, akasema ni anasa.

Mume wangu aligeuka kukitazama kibanda, kisha akaingia barabarani mbio, filimbi mdomoni. Gari likapita.

"Si mnaona?" mkurugenzi aliwaambia wageni wake. "Mashine ni mashine tu."

Nilieleza, nikaeleza. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Mradi ulifia palepale.

"Ulitaka niangalie tu?" mume wangu aliniuliza jioni.

"Hapana."

Nilimaanisha. Lakini hasira yangu ilikosa pa kwenda, ikahamia kwetu, ikakaa nasi mezani miezi kadhaa.

Mvua zilipoanza, alirudi siku moja ameloa chapachapa, sauti imekauka, kifua kinakoroma kwa moshi wa magari. Alijitupa kitini, akashindwa hata kufungua vifungo vya sare. Nikapiga magoti, nikaanza kumfungulia.

"Zile taa zako," alisema bila kunitazama. "Hawawezi kuzirudisha?"

"Kamera zimeshang'olewa," nikamjibu, nikahamia kifungo kilichofuata.